Kijiko Kilichorudi Guniani

Makindye, Kampala
Machi 1976

Dada yangu Halimah,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba goti la Mama limetulia tangu mvua zianze. Sisi huku tuko salama, ila usingizi ndio hatuna. Uthman anaota meno. Nimemfunga mgongoni, nikikaa tu anaamka, kwa hiyo naandika nimesimama, karatasi iko juu ya kabati. Usiucheke mwandiko.

Umeniandikia kwamba habari zimefika huko Bombo, eti mke wa Kamis ameokoa mtu, na Mama amelia na kuniombea dua. Dada, hiyo dua inaniwasha. Wacha nikueleze ilivyokuwa, wewe peke yako.

Unajua sisi wake wa askari hapa kambini tunanunua kwa kadi. Unaionyesha dukani, wanaandika, mwisho wa mwezi mshahara wa mume unakatwa na ofisi inamlipa mwenye duka. Shida ni kwamba ofisi inalipa siku ikikumbuka. Basi wenye maduka wakaanza kututoza cha juu sisi wa kadi. Rosalba, mwenye duka hapa chini ya kilima, yeye alikichukua kwa sukari. Anapima kilo yako, mizani inatulia, halafu anachota kijiko kimoja kikubwa anakirudisha guniani. Mwenye fedha mkononi haguswi. Ukilalamika anakuambia, nyabo, hicho ni cha kungojea ofisi yenu ilipe.

Huyu Rosalba ni Mwacholi, umri wangu. Mumewe Saverio alifuatwa nyumbani asubuhi moja na hajaonekana tena, wala watu hawaulizi. Na ana shingo, dada. Mimi tangu nijifungue hata kioo nakipita mbio. Yeye anapima sukari kama anacheza ngoma.

Sasa, siku nyingine Kamis alikuwa akitoka zamu anapitia dukani na kadi. Sukari anayoleta yeye imejaa mpaka pakiti haifungiki. Ninayoleta mimi imelegea. Nikazipima kwa kikombe, nikapata kweli. Duka ni lile, kadi ni ile, kijiko changu kinarudi guniani na cha mume wangu hakirudi! Nikamuuliza. Akasema yeye mambo ya vijiko hayajui, labda mimi nabishana naye sana, kwa sababu yeye akifika Rosalba anamchekea vizuri na kumtolea kiti. Kiti! Mimi na mtoto mgongoni sijawahi kuonyeshwa hata debe.

Tangu hapo namtazama akinywa chai. Akisema leo imekolea, najua anasifu mkono wa nani. Nilikuwa nainusa kola ya shati lake kabla ya kufua. Nikaificha ile sukari yake, nikawa nampikia kwa ile yangu iliyolegea, anywe na yeye.

Ndipo ikasomwa amri redioni: bei ya kadi na bei ya fedha ni moja, na atakayetoza cha juu ni adui wa uchumi. Wanawake wa kambi wakapiga vigelegele, mimi kuwashinda wote, wala haikuwa kwa ajili ya sukari. Wiki hiyohiyo mwenye duka wa ng'ambo ya barabara alipakiwa kwenye gari. Viatu vyake vikabaki barazani, hakuna aliyethubutu kuviokota.

Alhamisi nikaenda kwa Rosalba. Akanipimia, na mkono wake ukafanya ulichozoea. Kijiko kikatoka, kikarudi guniani, amri au si amri. Hapohapo gari likasimama nje. Afande akaingia na vijana wake, akatuuliza sisi tuliopanga mstari kama huyu anatoza cha juu kwa kadi. Akaiona kadi mkononi mwangu. Akasema, mama, wewe ni mtu wetu, sema tu. Rosalba hakunitazama. Alikuwa anakitazama kile kijiko.

Nikasema hapana, afande, huyu anapima sawasawa. Akaichukua pakiti yangu, akaipima kwa kiganja, akauliza mbona imelegea. Nikamwambia mtoto ameshakula, na kwa bahati nilikuwa nimemlambisha Uthman ili anyamaze, mdomo unang'aa sukari. Afande akacheka, akatoka.

Hapo ndipo dua ya Mama inapopotea njia. Sikumhurumia, dada. Neno la kummaliza lilikuwa kwenye ulimi. Nilichofikiri ni hiki: wakimchukua, Kamis atamkumbuka maisha yake yote. Mwanamke aliyebaki dukani atanenepa, shingo itakunjamana, atagombana na watu kwa ajili ya chumvi. Aliyechukuliwa hazeeki. Nitashindana vipi na mtu aliyeacha viatu barazani? Nilitaka abaki, nimwone akizeeka.

Kesho yake Rosalba akaja kwangu na simsim, akapiga magoti mlangoni. Nikamwinua, nikamuuliza usoni kwa nini kijiko cha Kamis hakirudi guniani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini moto unaunguza. Akasema, Mama Uthman, mumeo anaingia na bunduki. Nani atamtoza cha juu? Waliomfuata Saverio walivaa viatu kama vyake. Mimi namchekea ili aondoke upesi. Kiti nakitoa ili asizunguke nyuma ya kaunta.

Kamis, dada! Kamis anayemwimbia mtoto. Sikujua kuna mtu anaweza kuacha kupumua kwa kumwogopa.

Ningepaswa kupoa. Nimepoa nusu. Nusu nyingine inaniambia kicheko kilikuwa cha woga, lakini Kamis alikibeba kama cha mapenzi, akapanda nacho kilima hadi kwangu. Na amri nayo imeninyang'anya mizani yangu. Sasa kijiko hakirudi tena, pakiti zote zimejaa, yake na yangu, nitajuaje?

Kadi nimeichukua. Nimeifunga kwenye pindo la leso, nimemwambia Kamis kuanzia leo sukari ni kazi yangu. Amelalamika, nimekaza fundo. Ya Rosalba sijamwambia, na sitamwambia. Nikimwambia anaogopwa, roho itamuuma, atataka kwenda kumtuliza. Sitaki amtulize.

Mwambie Mama asiikatishe dua, ila aliondoe jina langu aweke la Rosalba, na la Saverio. Nisalimie shemeji, wabusu watoto. Simsim nimekuwekea nusu, ni tamu, siwezi kukataa. Ukimaliza kusoma, karatasi hii uwashie jiko.

Mdogo wako akupendaye,
Safinah