Chumvi ya Ng'ombe Ibaki kwa Ng'ombe

Uvira, Kalundu

Kwako Baba, na kwa Mama anayetega masikio kando yako,

Munisamehe kwanza. Neema ameota meno mawili na bado hamujapata hata mstari mmoja kutoka kwangu. Hamukunikosea. Nilikuwa naweka karatasi mezani, nakaa, na mkono unakataa. Huo mkono ulikuwa na nini, ndicho ninachotaka kuwaeleza. Lakini muko namna gani? Baba, goti limetulia? Mama, kikohozi cha asubuhi kimekuacha? Yule ng'ombe mweupe amezaa? Sisi huku tuko, Mungu anatulinda. Baba Neema bado anabeba magunia bandarini, na Neema mwenyewe amenenepa, analia kwa sauti ya mchungaji anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde.

Furaha, mdogo wangu, najua ni weye unayewasomea. Usiruke mstari. Ukifika mahali panapokuhusu, soma kwa nguvu zaidi.

Tangu nizae, nguvu hazikurudi. Munajua joto la huku chini, saa sita za mchana hata mbuzi wanatafuta kivuli. Minye nilikuwa navaa sweta. Mama mkwe akawa anauliza watu mbele yangu, "Huyu muke anaota jua kama mamba, ana nini?" Jirani naye akasema bibi arusi wa mlimani alishuka na baridi yake ndani ya mfuko. Tulicheka wote, lakini nywele zilikuwa zinabaki kwenye kitana, na nilikuwa nasinzia nikichambua ndagala, samaki mkononi. Maharagwe niliyaunguza mara tatu kwa wiki moja. Baba Neema alidhani ni hamu ya nyumbani, mama mkwe alidhani ni uvivu. Minye mwenyewe sikujua nidhani nini.

Na shingo, Mama. Shanga ulizonivalisha siku ya ndoa ziligoma kufunga. Sikushtuka, kwa sababu shingo yako iko hivyo, na ya bibi ilikuwa hivyo, na kwetu tunaisifu.

Siku ya chanjo ya Neema, munganga mmoja wa kituo cha afya, mwanamke mnene mwenye sauti ya soko, akaacha kumpima mtoto akanitazama minye.

"Meza mate."

Nikameza. Akaweka vidole hapa mbele ya koo.

"Toka lini?"

"Hii ni shingo ya kwetu, Mama. Ni ya ukoo."

"Ukoo unarithisha shamba. Hii inalimwa wapi?"

Wamama kwenye benchi wakacheka mpaka wakapigana mabega. Pale pale mtoto wa mwingine akalia, na maziwa yangu yakatoka, blauzi ikalowa. Munganga akaninyooshea kidole. "Huyo si mtoto wako. Nani aliyeyaambia maziwa yatoke?"

Baba, nilijibu kama ulivyonifundisha. Nikamwambia kwetu ng'ombe hatoi maziwa mpaka ndama amguse kwanza, na ndama akifa, unajaza majani ndani ya ngozi yake, unaisimamisha mbele ya mama yake, anainusa, anaachia. Munganga akapiga makofi. "Basi baba yako anajua homoni, hajui tu jina lake!"

Akakaa akanieleza, na minye nawaeleza nilivyoelewa. Homoni ni mjumbe anayetembea ndani ya damu. Anatumwa na tezi, viungo vidogo vilivyo huku na huku mwilini. Kuna moja chini ya ubongo, haizidi punje ya maharagwe, na ndiyo inayoamuru nyingi kati ya zingine. Ziko mbili juu ya figo, zinazokuamsha ukiona nyoka. Kuna kongosho nyuma ya tumbo, linalopima sukari ya damu. Wanawake tuna zetu za mayai, wanaume wana zao. Na hii ya shingo ndiyo inayochochea moto wa mwili wote: joto, nguvu, nywele, hata akili ya mtoto tumboni.

Ile ya ubongo inaonja damu kila wakati. Ikikuta wajumbe wa shingo ni wachache, inatuma amri: fanya kazi! Wakiwa wengi, inanyamaza. Lakini tezi ya shingo haiwezi kumtengeneza mjumbe wake bila kitu kinachoitwa iyodi, na iyodi sisi tunaipata kwenye chumvi. Isipopata, inaamrishwa, inajikaza, inaamrishwa tena, mpaka inavimba kwa kujikaza bure. Ni kama ulivyonituma maji na kibuyu kilichotoboka, Baba. Nilirudi mtupu, ukanifokea, nikakimbia tena mtoni, na kibuyu ni kile kile.

Akaniuliza, "Munakula chumvi gani?"

Nikajibu kwa majivuno: ya kwetu. Ile uliyonijazia kwenye kopo siku naondoka, Baba, toka mfuko wa ng'ombe. Ulikuwa unasema chumvi inayonenepesha ng'ombe itashindwaje na mtu, na chumvi ya dukani haina ladha. Minye huku nilikuwa naiweka kwenye kila chakula ili nisikie nyumbani kwenye ulimi. Nilipokuwa na mimba ya Neema niliomba kopo la pili. Kosa hilo ni langu.

Kesho yake nikalibeba kopo. Munganga akadondosha dawa tone moja kwenye chumvi yake ya paketi, ikageuka bluu kama wino. Akadondosha kwenye yetu. Ikabaki nyeupe.

Damu yangu wakaipeleka Bukavu. Ya Neema pia, walimchoma kisigino. Siku tisa nilikuwa namwangalia anavyogeuza kichwa nikimwita, nikijiuliza kama nimemnyima akili kwa mkono wangu. Jibu lilipofika, munganga alianza na la mtoto: yeye ni mzima. La kwangu lilikuwa baya, lakini lina dawa. Kila asubuhi, kabla ya chai, nameza kinini kimoja, kidonge chenye mjumbe huyo wa shingo, na naendelea kunyonyesha. Sasa sweta iko kwenye sanduku. Juzi mama mkwe alinikuta nafua tangu alfajiri, akasema, "Kumbe tulioa mtu!" Shanga bado hazifungi, zimebakiza upana wa kidole.

Furaha, hapa ndipo unapohusika. Una mimba ya miezi minne. Munganga anasema miezi ya mwanzo tezi ya mtoto bado haijaanza kazi, anaazima yote kwa mama yake. Weye unakula toka mfuko ule ule niliokula.

Baba, sijawahi kukuamuru kitu. Leo nakuamuru, utaniadhibu nikija. Mfuko wa ng'ombe utoke jikoni, ukae zizini. Nimewatumia paketi nne za chumvi ya dukani, kwenu na kwa Furaha. Mama, ifunike, usiiache juu ya moto, uiweke chakula kikikaribia kuiva. Na shingo yako ionwe na munganga. Musijinunulie dawa, na kinini changu si cha kugawana.

Munisalimie kaka anayelala na ng'ombe, shangazi mfuma vikapu, na shemeji, mume wa Furaha, mumwambie simnyang'anyi muke, namwazima tu.

Ni minye binti yenu, Mama Neema, niliyeamka.

Mutume kwa huyu huyu mleta ng'ombe aliyewapa barua hii, anarudi Uvira wiki ijayo: samli chupa moja, ngozi laini ya kumbebea Neema, mbegu za maboga, zile za bibi, chumvi kijiko kimoja toka jikoni kwa Furaha, ifungwe kwenye jani, munganga aidondoshee, na Furaha mwenyewe, kabla tumbo halijawa zito kwa mteremko, apimwe. Kitanda kipo. Shanga za Mama ninazo hapa, nataka nione kama shingoni mwa Furaha bado zinafunga.