Dakika Kumi na Nne za Radi Kavu

Jumatatu, 3 Machi

Niwie radhi, daftari langu. Miezi minne bila hata mstari mmoja — nami niliyewafokea wanafunzi miaka thelathini na mitatu kwa uvivu wa kalamu! Sina udhuru ila kamati. Majirani wa majengo haya yaliyo nyuma ya uwanja wa mpira wamenifanya mwenyekiti. Sababu: nina sura kali. Leo amekuja fundi cherehani wa chini. Spika za uwanjani zinatikisa madirisha, sindano zinamkatikia, ati niwaandikie manispaa. Nimeandika. Muziki ukome saa kumi na mbili jioni kamili, "isipokuwa mwenyekiti wa wakazi akiridhia papo hapo, kwa kauli yake mwenyewe." Sheria isiyoacha mlango wa dharura ni kazi ya mvivu. Barua nzuri. Nimeisoma mara mbili kwa raha.

Alhamisi, 13 Machi

Radi Kavu wanastaafu! Redio imetangaza nikiwa jikoni. Maziwa yamefurika, sikujali. Tamasha la kuaga ni tarehe 29, hapa hapa uwanjani kwetu. Bendi yangu ya roki tangu nina miaka ishirini! Mtaani hakuna ajuaye ila wewe. Siku zote hufunga kwa "Mlango wa Chuma", dakika kumi na nne. Nimehudhuria mara tatu, sijawahi kuusikia mpaka mwisho. Mara ya kwanza umeme ulikatika. Ya pili nilishikwa na uchungu — binti yangu hana subira mpaka leo. Ya tatu marehemu mume wangu alizimia kwa joto, akaniomba msamaha maisha yake yote.

Nimekata tiketi.

Jumatano, 19 Machi

Manispaa wamekubali. Neno kwa neno. Sheria inaanza tarehe 29! Fundi amenipigia makofi mlangoni: "Mwalimu, kalamu yako ni panga!"

Panga, ndiyo. Nimejikata mwenyewe.

Jumanne, 25 Machi

Kikao. Nimependekeza tulegeze kidogo, siku moja tu. Kisha mkunga wa ghorofa ya tatu akaangua kicheko: mwalimu anatutega huyu! Wote wakacheka. Fundi akasema wao si wa kutegwa. Siku hiyo yeye na mimi tutakwenda kuisimamia sheria wenyewe. Tiketi yake ameshanunua.

Nimefunga kikao kabla hajapanga mengine.

Jumamosi, 29 Machi, saa kumi na moja na dakika hamsini

Naandikia gotini, uwanjani. Fulana ya Radi Kavu imo ndani ya koti, vifungo vyote vimefungwa hadi shingoni. Natokwa jasho kama mwizi. Fundi yuko kushoto kwangu, pamba masikioni, macho kwenye saa. Lakini mguu wake unapiga mdundo tangu wimbo wa pili! Nimemwuliza. Ati ganzi.

Bendi imepumzika kidogo. Ofisa wa manispaa akapanda jukwaani, akaisoma barua yangu kwenye kipaza sauti. Uwanja mzima ukazomea. Sijawahi kuzomewa na halaiki namna hii — na aliisoma bila kupumua hata kwenye nukta! Saa kumi na mbili anakata umeme, akasema. Mpiga ngoma, mzee mwenye goti bovu, ameketi kwenye ukingo wa jukwaa, vijiti mapajani. Wimbo mmoja umebaki. Ule. Dakika kumi hazitoshi.

Ofisa akaendelea: barua inatoa ruhusa ya pekee. Je, mwenyekiti wa wakazi yupo hapa?

Fundi kaninong'oneza: "Usiitike, Mwalimu. Watatujua." Kisha, akitoa pamba ya sikio moja: "Kwani huo wimbo wenyewe ni mrefu sana?"

Nimemwambia ni mrefu. Hakuniuliza nimejuaje.

Ofisa anauliza mara ya pili: kama yupo, asimame, ainue mkono. Nikisimama, kesho kwenye ngazi nitaamkiwa vipi? Nani tena ataiogopa sura hii? Nisiposimama, basi, nimeufunga mlango kwa mkono wangu, na hakuna mara ya tano. Kifungo cha juu cha koti kimefunguka. Sikumbuki kukigusa.

Nikishaamua nitakuandikia. Kwa sasa naiweka kalamu — nauhitaji mkono wa kulia.