Nani Atangulie Uingereza

Sombetini, Arusha
Jumapili, 21 Septemba 2003

Kaka yangu mpendwa Anande,

Shikamoo kaka. Za Mbeya? Kifua cha shemeji Kandida kimetulia, au bado anakohoa kila anapopuliza moto? Mwambie tunamkumbuka kwenye sala. Huku nyumbani tunaendelea. Mama hajambo, ni goti tu, na goti lenyewe analifanyia mzaha: mwezi uliopita nilimpelekea dawa ya kuchua, nikakuta ameipaka kwenye mguu wa mbuzi, akaniambia mbuzi ndiye anayelalamika zaidi. Migomba imestawi. Bei ya kahawa usiniulize.

Barua yako niliipata kwa mkono wa yule dereva wa lori la viazi. Niliisoma mara moja nikaikunja, nikaenda kazini, nikairudia jioni hasira ilipopoa. Usinielewe vibaya, kaka. Ni wewe uliyeuza baiskeli yako ili nipate sare ya shule, na sijasahau. Lakini nimechoka. Kila mtu katika ukoo huu ana kipande chake cha habari, na kila mtu anatoa amri kwa kipande hicho hicho. Leo nataka nikueleze jambo zima tangu mwanzo, kwa mwandiko wangu huu wa darasa la saba, ili usije ukasema hukuambiwa.

Mwanzoni mwa mwaka huu shemeji yako Silantoi alikubaliwa kazi Uingereza. Ni nyumba ya kutunzia wazee, katika mji mdogo kando ya bahari ambao jina lake hata yeye hulitamka kila siku kwa namna mpya. Walisema watamwombea kibali cha kazi ya unesi, na kwamba kwa kuwa ameolewa kanisani na cheti anacho, mume anaweza kwenda naye. Ila visa ya mume ingeandikwa kwamba yeye ni mtegemezi wa mke. Neno hilo ndilo lililotuletea balaa yote. Mimi lilinipita tu. Nilikuwa nimeshika sindano, nashona kiti cha gari la watalii, nikamwambia sawa mke wangu. Kosa langu ni kwamba kesho yake nililisema gereji.

Loserian, yule fundi rangi, aliacha kupiga msasa akanitazama kama anayetazama gari lililopinduka. Akataka kujua kama huko nitakuwa natembea mwenyewe au nitafungwa mgongoni kwa kitenge. Tangu siku hiyo mama wa chai akifika wanapiga kelele kwamba mtegemezi asidaiwe, mwenye nyumba bado yuko zamu. Nikawa nacheka nao. Ungefanya nini? Tangu kiwanda chetu kilipouzwa na sisi tukapunguzwa, wale ndio wenzangu. Lakini kicheko hakikai Sombetini. Wiki haikuisha kikawa kimepanda mlima mpaka kwetu Akeri, kikabisha hodi kwa baba mdogo Nderingo.

Kikao cha ukoo unakijua, maana ulikuwemo kwa simu ya mwenye duka. Usichokijua ni kwamba ulikuwa unakatika katika, na kila ulipokatika baba mdogo alitangaza, "Anande amekubali." Alisema tangu lini mwanamume akatoka mlangoni kwake akiwa nyuma ya mkewe kama ndama. Tena mimi ni kitinda mimba, kihamba cha baba, lile shamba la migomba, ni changu kukilinda, hivyo kama ni lazima niondoke basi niondoke kichwa juu. Ikaamuliwa nitangulie mimi, kwa njia ya masomo, na Silantoi awe mtegemezi wangu. Silantoi alikuwa anamimina chai. Akauliza kwa adabu mume wake atasomea nini. Baba mdogo akamjibu kwamba Uingereza masomo hayakosekani.

Fikiria, kaka. Nesi aliyeitwa kwa jina lake aweke barua yake kabatini, ili mshona viti aende shule, halafu yeye amfuate. Na watu wazima kumi na kitu walitikisa vichwa wakasema hapo sasa mambo yamekaa vizuri.

Baba mdogo akanipeleka kwa kijana mmoja wa Kaloleni anayeitwa Godbless, mwenye chumba juu ya duka la vipuri karibu na uwanja wa mpira, na picha ya ndege ukutani. Godbless alinitafutia chuo cha mambo ya hoteli. Alisema Arusha ni mji wa watalii kwa hiyo jambo hilo litaingia akilini. Alinikaririsha majibu kama mtoto wa kipaimara. Nikiulizwa kwa nini hoteli, niseme tangu utoto nina ndoto ya kuwahudumia wageni. Kaka, wewe unajua utoto wangu. Wageni wakija nilikuwa napanda juu ya dari mpaka waondoke.

Nikaenda ubalozini Dar es Salaam nimevaa suti yako ya harusi. Aliyenihoji ni mama mmoja Mzungu, mpole, anayejua Kiswahili kuliko Godbless. Aliniuliza kwa nini hoteli, nikatoa ile ndoto. Akauliza nafanya kazi gani, nikasema nashona viti vya magari. Akauliza mke wangu anafanya kazi gani, nikasema ni nesi, na kwamba ameshapata kazi kule kule Uingereza. Basi akaweka kalamu chini. Akaniuliza, kama mke amepata kazi, kwa nini asiombe yeye, na mimi niende naye. Hilo swali Godbless hakunifundisha. Nikamwambia ukweli: kwa sababu baba mdogo amekataa.

Aliandika kwa muda mrefu. Wakaninyima.

Nilirudi nyumbani nikamsimulia Silantoi, na nilipofika kwenye habari ya baba mdogo akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye sakafu, ameshika mguu wa meza. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu tulipomzika mwanetu Hope mwaka jana, nami nikaanza kucheka, halafu nikaona kwamba yeye alikwisha acha na sasa analia. Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nikamvua viatu.

Kaka, ulikuja kwenye mazishi ukakaa siku mbili ukarudi kazini, nami sikulaumu. Lakini kuna vitu hukuviona. Hope alikuwa anakuja gereji Jumamosi na kukaa ndani ya kiti nisichomaliza kukishona, kile kisicho na mgongo, anaendesha. Abiria wake alikuwa Loserian, na Loserian huyo huyo mwenye mdomo alikuwa anaomba kushushwa Terrat, akiambiwa nauli haitoshi anabembeleza. Mtoto alikuwa analamba chaki yangu ya kuchorea ngozi. Mpaka leo nikipata chaki mpya naivunja kwanza, maana yeye hakupenda nzima. Alilazwa kwenye wodi ya mama yake mwenyewe, kwenye kitanda cha dirishani, homa ikampanda kichwani, na Silantoi ndiye aliyekuwa zamu.

Kwenye kile kikao, kaka, mlizungumza habari ya nani atangulie tangu asubuhi mpaka mbuzi wakarudi. Hakuna aliyemwuliza Silantoi kwa nini anataka kwenda. Hata mimi sikumwuliza. Nilidhani ni mshahara, kama manesi wengine wanaoondoka.

Halafu ikaja barua yako. Unasema tubadilishe wakala, niombe tena masomo, safari hii niseme ni ufundi magari, na Silantoi awaandikie wale watu wa Uingereza wasubiri. Wameshasubiri, kaka. Mara ya kwanza waliandika kwa upole, mara ya pili wakaandika mistari miwili tu, kwamba asipojibu mpaka mwisho wa Agosti nafasi watampa mwingine. Baba mdogo naye akaleta njia yake ya tatu: mke aende peke yake, mimi nibaki nikilinda heshima. Alivyolisema hilo nilikubali haraka sana. Silantoi akanitazama. Tulipofika nyumbani akaniuliza kama nimechoka naye.

Hapo ndipo iliponibidi niseme, na wewe nakuambia sasa. Mimi neno la mtegemezi halijawahi kuniuma hata siku moja. Waniite hata mkia. Niliwaacha mbishane kwa sababu kila mlipobishana mimi nilipata wiki nyingine ya kubaki. Kila Jumamosi nikifunga kazi napanda Akeri. Mama anadhani naenda kupalilia migomba. Naenda kung'oa majani kwenye kaburi la Hope, na yakiwa hayajaota nakaa tu pale. Nilikuwa najiuliza, nikiondoka nani atakaa naye? Ni mtoto aliyekuwa anaogopa kubaki chumbani peke yake hata taa ikiwaka. Nilimwambia Silantoi kwamba yeye aende, mimi siwezi kumwacha.

Nilidhani atakasirika. Badala yake akaniambia jambo ambalo nalibeba kichwani mpaka leo. Alisema kila asubuhi akiingia wodini lazima apite kile kitanda cha dirishani, na kila asubuhi kina mtoto wa mtu. Anamwekea dripu, anamfuta jasho, anamwambia mama yake asiwe na wasiwasi. Akifika chooni anafungua bomba na kuliacha limwagike mpaka aitwe. Aliomba kuhamishiwa wodi ya wazazi, wakasema hakuna nesi wa kuziba pengo lake. Ndipo akaona tangazo la kazi ile. Akasema, "Huko wagonjwa wangu watakuwa wazee. Mzee akifa, nitalia kama watu wengine wanavyolia, halafu nitakunywa chai."

Kaka, mimi nimelala na mwanamke huyu kitanda kimoja na nilikuwa sijui.

Nikamwuliza, na Hope je? Akasema Hope ana bibi yake pale, na mbuzi, na sisi tutarudi. Akasema kinachomuuma ni kwamba nilitaka kubaki na marehemu nikamwacha yeye aliye hai aende kulia kwa Wazungu peke yake. Kesho yake tulikwenda posta pamoja, akawajibu wale watu kwamba anakuja, na mumewe anakuja naye.

Sasa jambo lenyewe, nalo naomba ulisome ukiwa umekaa. Tumeshapata visa. Tulikwenda Dar es Salaam wiki ya kwanza ya mwezi huu bila kumwambia mtu, si baba mdogo, si wewe. Tulimkuta mama yule yule. Alisoma faili langu la kwanza, akainua macho akaniuliza kama baba mdogo ameshakubali. Nikamwambia hatujamwuliza. Akapiga mhuri. Tunaondoka Alhamisi hii. Dereva wa viazi anasema barua hii itakufikia Jumamosi, na nimepanga iwe hivyo, kwa sababu najua ungepanda basi usiku huo huo kuja kunizuia, na mimi nakuheshimu kiasi kwamba ungefaulu.

Mama tulimwambia jana. Aliuliza hao wazee wa huko kama hawana watoto. Silantoi akamwambia wanao, ila wanaishi mbali. Mama akapangusa kibao cha kukunia nazi, ambacho hakikuwa na kitu, akasema, "Kumbe kote ni hivyo." Nilitamani ardhi inifunike. Baadaye alitushika vichwa akatuombea, mimi na Silantoi, sala ndefu, akamtaja na baba. Anjela wa shangazi amehamia kwake na ameweka kitanda chumba cha mbele. Nami nitatuma cha kumtunzia. Lakini kaka, kuna yasiyotumwa. Mimi nilikuwa karibu miaka yote hii na wewe ukawa mbali, sasa nakuomba tubadilishane kidogo. Mpigie Mama simu kupitia kwa mwenye duka. Usikilize mpaka mwisho hata simu ikikatika.

Kihamba nakiacha chini yako. Baba mdogo akitaka kukata ile miti ya migrevilea ya mpakani, mwambie nimekataa. Atakasirika, na atasema nimetawaliwa. Mwache aseme.

Nimebakiza ombi moja. Najua mkija nyumbani kwa Krismasi mtataka kulijengea kaburi la Hope, mweke saruji na marumaru kama mlivyofanya kwa baba. Baba mdogo ameshaanza kukusanya kokoto. Nakuomba umzuie. Silantoi naye anaomba, yuko hapa anakunja nguo na sasa amesimama anasoma juu ya bega langu. Liacheni udongo. Majani yakiota Anjela atayang'oa. Tutalijengea sisi tukirudi, nataka kuchanganya saruji hiyo kwa mikono yangu, na kama halijajengwa nitajua nina kazi nyumbani ambayo hakuna mwingine aliyeifanya.

Msalimie sana shemeji Kandida, mwambie aache kupika kwa kuni mbichi. Wasalimie watoto wote, na yule mdogo mwambie baba mdogo wake anamsalimu. Silantoi anasema shikamoo shemeji, na kwamba suti yako ameifua, iko kwa Mama.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Elifuraha Sumari