Mdomo wa Bunduki ya Papa

Jumapili, 2 Machi
Nimesafisha bunduki ya papa, marehemu baba yetu, kabla ya misa, kama kila Jumapili. Fimbo ya chuma kupitia mdomoni, kitambaa, mafuta. Papa alifanya hivyohivyo mpaka kufa kwake. Baada ya misa mdogo wangu Bosco akaondoka nayo kulinda shamba la mama, barabara ya Banalia. Nguruwe wa porini wanamaliza mihogo.

Jumanne, 4 Machi
Bosco amekosa tena. Hatua thelathini! Nguruwe kasimama kama anapigwa picha. Ameiangusha hiyo bunduki kwenye pikipiki na ananificha. Najua.

Jumatano, 5 Machi
Nimeenda kulenga mwenyewe, bunduki juu ya gunia la mchanga. Risasi tatu, kila moja na njia yake. Moja haikugusa hata karatasi. Damu ikanichemka. Nimemtukana Bosco mbele ya mama na majirani. Mwongo, mzembe, hafai hata kushika jembe. Alijibu hili tu, kwa heshima ya mdogo kwa mkubwa wake: "Yaya, mi sikuiangushaka. Bunduki njo iko na matata." Eti kosa ni la bunduki! Nikamfukuza. Amepanda pirogi, mtumbwi wa mtoni, kwenda Yanonge kwa mjomba wetu, tonton Alphonse. Aende.

Ijumaa, 7 Machi
Gereji yangu haina kazi leo. Nimeukagua mdomo wa mtutu kwa kioo cha kukuzia. Ukingo umelika upande mmoja, chini, ndiyo maana risasi inatoka imepinda. Si alama ya kuanguka. Ni mfereji laini, umesuguliwa polepole. Nimechukua fimbo ya kusafishia. Imelala humo sawasawa, pale ninapoiegemeza. Jumapili zote hizo, miaka kumi na minne, nimekuwa nikiusugua mwenyewe. Mimi, fundi wa injini! Nina hasira na sina wa kumfokea.

Jumamosi, 8 Machi
Nyuma ya jiko la mama. Nimeziba mtutu kwa kitambaa, nimekata ncha iliyolika, nimepiga tupa mpaka ikawa bapa, imenyooka. Kisha parafujo ya shaba yenye kichwa cha mviringo, nimeipaka dawa ya kusagia valvu, nikaizungusha mdomoni mwa mtutu kwa keke ya mkono. Zungusha, yumbisha, futa, tazama. Saa tatu nzima. Ukingo unang'aa pande zote.
Mama kapita na sufuria ya pondu, majani ya mihogo. "Bunduki unatengeneza. Na mutoto yangu je?"
Nikaendelea kupangusa mtutu.

Jumapili, 9 Machi
Risasi mbili shambani. Matundu yamegusana. Sikufurahi hata kidogo. Nimempigia Bosco mara nne. Hapokei.

Jumatano, 12 Machi
Nimefika Yanonge. Nimesema mbele ya tonton na wavuvi wake, kwa sauti ileile niliyomtukania: fimbo ilikuwa mikononi mwangu, Bosco hana kosa. Bosco alikuwa anashona wavu. "Bon, sawa," akasema, akaendelea kushona. Nimerudi peke yangu.

Jumamosi, 15 Machi
Nguruwe mmoja, asubuhi, risasi moja. Mama amekausha nyama. Mguu wa nyuma nimemtumia Bosco kwa pirogi. Mwenye pirogi amerudi jioni. Anasema Bosco ameupokea mwenyewe, akauliza kama mihogo imebaki.
Imebaki. Nitamwandikia kesho, nimwambie inamngoja.