Nani Atamwitikia Babu Nairobi?

Shangazi Bridget,

Naomba unijibu kabla ya Jumamosi, maana nimeshindwa hata kula. Mimi ni karani hapa Isiolo, nimelelewa Chechelesi na babu yangu, Mzee Akolong, na kuna klabu moja Nairobi ambayo siku hizi hualika ngoma za jamii tofauti kila wiki, watu wanakula, wanacheza, halafu DJ anaendelea, sasa meneja wao, dada Kaari, alimsikia babu harusini akimwimbia maksai wake Lokwang', aliyekufa kabla sijazaliwa, babu mikono yake juu kama pembe za ng'ombe huyo, akamwalika Jumamosi hii, na babu akakubali papo hapo.

Shida ni kwamba kwetu Waturkana wimbo wa maksai haujibebi wenyewe, mwenye ng'ombe anasifu na wenzake wanaitikia, wasipoitikia ni kama wamesema ng'ombe wako si kitu, na mzee huketi chini kwa aibu. Kule klabuni nani ataitikia? Watainua simu tu. Muthomi wa ofisini ameniambia, "Babu yako atakuwa kama twiga wa hifadhi ya Leparua, watu wapige picha waende zao." Nilicheka, lakini iliniuma. Babu naye ameshafua shuka, unyoya wake wa mbuni ameuning'iniza juu ya kitanda changu, na jana aliniuliza kama sakafu ya huko itavumilia kurukiwa. Nimemwandikia Kaari kwamba babu ni mgonjwa, ila sijatuma. Nitume?

Ekiru

Ekiru mwanangu,

Futa. Usimzulie mzee mzima ugonjwa kwa sababu wewe una hofu. Hofu yenyewe siilaumu, inatokana na mapenzi, na hoja yako ni ya kweli: klabu imealika mwimbaji ikasahau waitikiaji. Lakini Kaari atajuaje kama hujamwambia? Mpigie leo. Mwambie babu haji peke yake. Waturkana Nairobi wako tele, wanafunzi na walinzi wa magetini, wakusanye, wafike mapema wawafundishe wahudumu na huyo DJ kiitikio. Muthomi mbebe pia. Mdomo kama ule usikae bure.

Kuna jambo hukuliandika, nami nimeliona. Umekua ukiusikia wimbo huo nyumbani, na hakuna mahali umesema uliwahi kuuitikia. Anza leo jioni, jikoni, babu akisikia. Na Jumamosi akiinua pembe za Lokwang', sauti ya kwanza kumjibu iwe yako.