Yai la Bluu Tumboni mwa Kuku Asiye na Mkia

Jumapili, Manika. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na nguo nilizosahau kwenye kamba zimelowa chapachapa. Sina hata nguvu ya kwenda kuzianua.

Nikiri kabla sijaanza kujitetea: jana nilimchinja kuku wa mama.

Mwaka jana mama alikuja kutoka Lubudi na kikapu chenye kuku wachanga wawili, bado hawajaanza kutaga. Mmoja alikuwa na ndevu za manyoya na mkia wa kuringia. Mwingine hakuwa na mkia kabisa, ila vishungi viwili masikioni.

"Moja itakupatia mayai ya bluu sawa yangu," alisema. "Ingine, ya kijani. Ile ya bluu usiiuwe, ndiyo mbegu ya kwetu."

Siku ya kurudi, pale stesheni, akaanza kunieleza namna ya kuwatofautisha. Filimbi ilikuwa imeshalia. Nikamkatiza: "Mama, kuku ni kuku! Panda, treni inaenda." Akacheka, akapanda.

Hakurudi tena. Homa ilimchukua kabla mahindi hayajakomaa.

Kuku wote wawili walitagia kiota kimoja. Ningekaa uani asubuhi moja tu, ningejua nani ametaga lipi. Sikukaa. Nilijiaminisha kwamba yule mzuri ndiye wa bluu, maana kati ya kuku wa mama wa zamani sikukumbuka hata mmoja aliyekosa mkia.

Jana baba mkwe akashuka bila taarifa, suti yake ya abakosti imenyooka. Mkwe halishwi sombe ya majani ya muhogo peke yake. Nikamkamata asiye na mkia, wala sikufikiri mara mbili.

Nilipompasua nikakuta yai, gamba lake limeshakuwa gumu.

Bluu.

Bluu ile ile ya utotoni, ya mayai aliyonichemshia mama kila nilipougua. Nililia jikoni, kisha nikampelekea mkwe sahani, firigisi juu kama desturi inavyotaka.

"Juu ya nini uko nalia, mwana?"

"Siko nalia, tata. Ni moshi ya makala ya jikoni."

"Basi, kuku yako hii ni tamu sana."

Yai nililiviringisha ndani ya kitenge cha mama. Leo asubuhi nimelipeleka kwa jirani yangu, Mama Ilunga, ambaye jogoo wake hushinda uani kwangu na kuku wake anaatamia. "Yai ya mu tumbo? Haitatoka kitu, ndugu yangu," alisema, lakini akaliingiza chini ya mbawa taratibu. Hatukuweka alama. Kati ya mayai meupe linajionyesha lenyewe.

Siku ishirini na moja za kungoja.

Hamu ya mama haijaniuma hivi tangu msiba. Natamani nirudi pale stesheni, ninyamaze mpaka amalize maneno yake, na treni iende zake bila yeye.

Na kifaranga akitoka hana mkia, nitamwambia nani?