Nafasi ya Chuma

4 Machi

Wifi yangu Chuma,

Salamu nyingi sana. U hali gani, na kaka yangu je, na yale masikio yake? Mimi mzima, ila magoti. Siku hizi huanza kulalamika hata sijainuka. Cherehani bado inakwenda. Sare za shule zimenijaa mpaka kitandani.

Sasa kaa chini ndipo uendelee kusoma. Jana nilikuwa napinda sketi, akaingia binti mmoja mrefu, akasimama mlangoni. "Samahani mama, wewe ndiye Tiara?" Sindano ikanidondoka. Jina hilo la jukwaani, ukiacha barua zetu, mara ya mwisho kuitwa yeye alikuwa hajazaliwa. Akatoa picha mkobani: mimi na wewe jukwaani, ule mchezo wetu wa mwili na kivuli. Wewe mbele, mimi nyuma yako nafuata kila unachofanya. Wifi, tulikuwa na shingo sisi!

Huyo binti ni mwongozaji wa filamu. Anatengeneza hadithi ya wachezaji waliostaafu wanaorudi jukwaani, na hataki vijana wapakwe unga kichwani waitwe wazee. Anatutaka wenyewe. Katika kikundi chetu cha zamani amewapata tisa walio hai na wanaoweza kusimama. Mimi wa kumi. Kila saa ananiuliza, "Na Chuma yuko wapi?"

Njoo. Kitanda kipo, nitaziondoa sare.

Wifi yako,
Tiara

19 Machi

Wifi Tiara,

Nimepokea barua yako, nami nakurudishia salamu kwa mikono miwili. Sisi hatujambo. Kaka yako naye hajambo, masikio ndiyo yamestaafu. Nimemsomea barua kwa sauti, akasema, "Filimbi? Nani anapiga filimbi?" Nimemwacha hivyo hivyo.

Nimecheka, kisha nikaona haya kucheka. Jioni yake nilishika sinki la jikoni, nikajaribu ile hatua ya kugeuka na kukanyaga. Kaka yako akachungulia, akauliza kama sakafu inateleza. Miaka thelathini na sita, wifi. Sijapanda jukwaa tangu nilipokuwa na mimba ya mwanangu, huyu binti yako. Huku hospitalini nilikofulia mashuka maisha yangu yote, hakuna hata mmoja anayejua kwamba niliwahi kuitwa Chuma.

Moyo unataka. Ila niambie kwanza hadithi yenyewe inakwendaje. Sitaki kufika huko nikaambiwa nife ukurasa wa tatu. Na usipige simu, andika. Kwetu hapa simu ikilia, kaka yako huuliza nani amekufa.

Binti yako anakusalimu. Bado anaendesha basi la wafanyakazi, na bado anasema shangazi yake ndiye fundi pekee anayejua mabega yake.

Wifi yako,
Chuma

6 Aprili

Wifi,

Natumaini barua hii inawakuta wote wazima. Mimi mwili mzima, usingizi ndio sina.

Umeuliza hadithi. Ni ya marafiki wawili katika kikundi kimoja. Inatokea safari ya kwenda kucheza nje, miezi mitatu. Mmoja anaingia ofisini kwa meneja, anasema neno moja, mwenzake anafutwa. Wanakutana tena uzeeni. Mwongozaji ameibuni tu kichwani mwake, ameniapia. Kisha akanipa mimi nafasi ya yule aliyeonewa. Eti nina uso wa mtu aliyeonewa.

Tulijaribu mara nne. Natakiwa nilie, nimuulize rafiki yangu, "Nilikukosea nini?" Mdomo haufunguki. Wananiletea maji wakidhani ni woga.

Wifi, ni mimi. Si daktari wa kikundi, kama nilivyokwambia. Unakumbuka ulininong'oneza chumba cha kuvalia, tunanawa uso: una miezi miwili, usimwambie mtu, huyu atashika, utacheza naye hivyo hivyo. Kesho yake nikaenda kwa meneja. Alikuwa anamenya yai. Nikamwambia, "Chuma ana mimba." Akafuta mikono, akachukua rula, akapiga mstari juu ya jina lako, mstari ulionyooka sana. Kisha akaandika langu. Miezi mitatu nikacheza mbele, mahali pako, na kila ukumbi ulisimama kunipigia makofi.

Hukunikosea kitu. Nilichoka tu kuwa nyuma.

Sikuombi uje. Nimekuandikia kwa kuwa nimeshindwa kulia machozi yako mbele ya kamera.

Tiara

2 Mei

Wifi,

Habari za huko. Sijui kama barua ilifika. Kila mleta barua akipita namsimamisha, sasa ananikwepa. Simu nimeishika mara nyingi nikaiweka, nisimtie kaka yangu hofu.

Mwongozaji ameahirisha sehemu yetu hadi Julai. Nimemwambia unaumwa. Nisamehe na kwa uongo huo.

Tiara

14 Juni

Wifi yangu Tiara,

Salamu kwanza. Sote tuzima, usiniue kabla ya siku zangu.

Barua yako ilifika. Nilijua, wifi. Nilijua siku ile ile. Meneja aliniita, akaniambia kwa sauti tamu, "Mwenzako ana huruma nawe, ndiye aliyenishauri nikupumzishe." Nikarudi nyumbani, nikavunja sahani tatu, nikalala. Ukatuandikia kutoka safarini jinsi mlivyopokelewa, nikamwambia kaka yako asinisomee.

Sasa nami niseme langu. Mwezi ule ule wa kwanza, ninyi mko huko mnaruka, mimi nilianza kutoka damu. Nililazwa wiki tano, miguu juu. Wawili walikuwa wameshaniponyoka kabla ya huyo, unajua. Mkunga aliniambia, "Ungekuwa unaruka, na huyu angekwenda." Niliwaza habari hiyo miaka mingi nikiwa juu ya beseni la mashuka. Ulinitendea ubaya. Ubaya ni ubaya, siwezi kukushukuru kwa huo. Kwamba mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini wewe nakushukuru kwa kila nguo uliyomshonea, kuanzia ile ya kwanza ya njano uliyorudi nayo mpaka sare yake ya mwisho ya sekondari. Hakuna mwaka uliokosa. Mtoto wangu hakuwahi kuvaa kilichochanika.

Utauliza, mbona nilinyamaza? Nitakwambia kweli, na ucheke ukitaka: niliogopa ukishatubu utaacha kushona.

Basi, kilichonichelewesha kukujibu si hasira. Binti yako aliikuta barua mezani, akaisoma. Aliweka funguo za basi juu yake akasema, "Kwa hiyo ni mimi niliyekushusha jukwaani." Anakuja, anaosha vyombo, anakwenda. Nilimwambia yote, na wiki tano zile, na wale wawili. Alinisikiliza, lakini neno halikumwingia. Juzi ndipo aliposema, "Mama, nataka nikuone unacheza. Nisipokuona sitajua nilikugharimu nini." Ameomba likizo. Ananileta mwenyewe, Jumanne ya kwanza ya Julai.

Mwambie mwongozaji jambo moja. Nitacheza, ila sitaki nafasi ya rafiki aliyeonewa. Hiyo naijua. Nipe ya anayeingia ofisini.

Wifi yako,
Chuma

21 Agosti

Wifi yangu mpendwa, Chuma,

Salamu zangu zikukute umepumzika. Mmefika salama? Miguu imepoa? Wangu wa kushoto bado unadai. Nyumba imekuwa kimya, na kitanda kimenirudia chote, nacho sikitaki.

Nakuandikia kwa sababu kuna mambo nilishindwa kuyasema pale stendi.

Siku ya ngoma, nilipokuwa nyuma yako, niliona umesahau hatua ya tatu. Nikaisahau na mimi. Tuliyumba pamoja kama wanywaji wawili, na wenzetu tisa nyuma wakayumba, na watu waliokodiwa kupiga makofi wakasahau kupiga. Mwongozaji aliposema basi, ndipo walipoanza, bila kuambiwa. Nilimtazama binti yetu. Alikuwa amesimama, mikono kichwani. Alipokuja nyuma ya pazia alikushika uso akasema, "Kumbe ulikuwa hivi." Ukamwambia, "Nilikuwa hivi. Na ningeshuka tena kwa ajili yako, bila kusukumwa na mtu." Nikaona mabega yake yakishuka, mabega ninayoyajua kwa futi na kwa macho. Lile neno lilimwingia, wifi. Niliona.

Lakini kubwa ni la ofisini. Hukujua kwamba nilikuwa nyuma ya kamera, kwenye giza, nimeshika nguzo. Nilikusikia ukilisema neno lile mara tatu, na mwongozaji akikwambia kila mara unalisema kama anayetangaza msiba. Mara ya nne ulilisema polepole, mpaka mwisho. Yule anayeigiza meneja akachukua kalamu, akapiga mstari. Wewe ukafika mlangoni kama ilivyoandikwa. Kisha ukarudi. Hakuna aliyekuambia urudi. Ukaweka mkono juu ya karatasi yake ukasema, "Na mimi. Nifute na mimi."

Mwongozaji hakusema basi, akaiacha kamera iendelee. Ameniambia maneno hayo yatabaki kwenye filamu, amebadilisha hadithi yote kwa ajili yake.

Wifi, miaka thelathini na sita nimerudi ofisini mule kila siku, nikiwa nashona, nikiwa napika, nikiwa kanisani. Nimejaribu kufunga mdomo, nimejaribu kutoingia. Hayo maneno matano hayakuwahi kunijia. Sikujua kwamba hata baada ya kusema mtu angeweza kugeuka.

Tangu siku ile nalala. Nalala kama mtoto, wifi, mpaka jua linanikuta. Nakushukuru kwa kuja. Nakushukuru kwa kuchukua nafasi yangu, ukaingia mule ukiwa mimi, ukanionyesha mlango.

Msalimie kaka. Mwambie hakuna aliyekufa.

Ni mimi, wifi yako,
Tiara